Saraka Aliyoisoma Wegesa kwa Masikio

Mkiandika programu ya kuorodhesha mafaili yaliyomo ndani ya saraka, lile kasha la kompyuta la kuwekea mafaili, kosa la kwanza mtakalofanya ni lile nililofanya mimi: mtalipoteza faili la kwanza. Mtaiomba kompyuta ifungue saraka, itawapa jina la kwanza palepale, nanyi mtakimbilia kwenye kitanzi, ile sehemu inayorudia amri, kuomba la pili kabla hamjaliandika lile mlilokwisha kupewa. Mtaona orodha ndefu kwenye skrini, mtafurahi. Nani atagundua kuwa limepungua moja? Mimi nilifurahi hivyohivyo, mpaka mwanamke asiyeona aliponiambia kwamba barua ya Bunda haipo.

Nyie vijana mnakujaga hapa kwangu mtaa wa Nyasho na kompyuta zenu za mapajani, mnaniita bibi wa kompyuta, mnanionyesha makosa, nayatazama, mnaondoka. Safi kabisa. Lakini leo sitazami kosa la mtu. Nataka kuwaeleza habari za mwanamke huyo, jina lake Wegesa, kwa sababu kila nikiona opendir, ile amri ya kufungua saraka, kwenye skrini ya mmoja wenu ninamkumbuka yeye, na nikimkumbuka siku nzima inaniharibikia.

Tulifanya kazi ofisi moja, shirika la umma hapa Musoma mjini, ambalo sasa halipo na jengo lake ni maduka ya vitenge na vifaa vya umeme. Nilipoajiriwa nilikuwa msichana kutoka Suguti, karani wa masjala, na ilikuwa ile miaka ya shida. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na ofisini utepe wa taipureta ukikauka hakuna mwingine. Wegesa ndiye aliyenifundisha kuufufua. Unaufungua, unaudondoshea mafuta ya taa kidogo sana, unauviringisha tena na kuuacha ulale. Asubuhi maandishi yanarudi, ila barua zote zinanuka kibatari. Karatasi tulitumia upande wa nyuma wa barua za zamani, na mtu wa wizarani akipokea barua yetu alikuwa akisoma habari mbili kwa pamoja.

Wegesa alikuwa mpiga chapa wetu na mpokea simu. Alizaliwa Butiama, akiwa mzima wa macho, na ujana wake aliufanyia kazi ya telegramu. Enzi hizo maneno yalisafirishwa kwa milio, mlio mfupi na mlio mrefu, kila herufi na milio yake. Wao waliziita alama za mos. Kisha presha ya macho ikamwanza, akaenda hospitali hii na ile, na kabla hajafikisha miaka arobaini alikuwa haoni hata mwanga wa dirisha. Akapelekwa mafunzo ya kupiga chapa bila kutazama, na ndipo akaletwa kwetu. Alikuwa mrefu, mkali kidogo, anapenda chai yenye tangawizi, na alipiga chapa haraka kuliko wote. Sisi wenye macho tulikuwa tunatazama vidole vyetu.

Mkubwa alimsomea barua, yeye akaiandika kwa nukta za wasioona kwenye karatasi ngumu, kisha akawa anazipapasa kwa kidole cha mkono mmoja na kuipiga chapa kidogokidogo. Hakukuwa na mtu aliyemwonea huruma. Tulimwogopa. Ukimpelekea barua yenye sentensi mbovu alikuwa anakuuliza, "Hiki ulichokiandika, wewe mwenyewe ukikisomewa utakielewa?"

Halafu mambo yakageuka. Maduka yakajaa, foleni zikaisha, na mashirika kama letu tukaanza kusikia maneno mapya: kubinafsisha, kupunguza wafanyakazi, muundo mpya. Pamoja na maneno hayo zikaja kompyuta tatu, za msaada. Mimi nilikuwa nimefaulu hesabu shuleni, basi nikapelekwa Dar es Salaam kozi, na huko mwalimu mmoja mwembamba, mvutaji sigara, akatufundisha C, lugha ya kuandikia programu. Maneno yake nimeyashika mpaka leo. "Mashine haidhani," alikuwa akisema. "Wewe ndiye unayedhani. Kila mahali ulipodhani, andika sharti." Mkifungua saraka, ulizeni kwanza kama imefunguka. Msidhani.

Niliporudi nilimkuta Wegesa ameshazoea kibodi. Herufi zilikuwa palepale alipozizoea kwenye taipureta, na funguo za kuhifadhi na kuchapisha nilimfundisha kwa asubuhi moja. Kuandika barua mpya hakukumpa shida hata kidogo. Shida ilikuwa kuipata ya jana. Kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kila mtu akihifadhi kwa jina lake, na jina halikuruhusiwa kuzidi herufi nane. Ili ujue ndani kuna nini, ilibidi uitoe orodha na uitazame kwa macho. Basi Wegesa akawa anaomba.

"Mama fulani, nisomee nijue imeandikwaje."

Siku za mwanzo walimsomea. Baadaye wakawa wanasema ngoja kidogo, na hiyo ngoja kidogo ikawa mpaka chai imepita. Wegesa hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Akaanza kukisia majina. Siku moja akahifadhi barua yake kwa jina ambalo mtu mwingine alikuwa amelitumia, na ripoti nzima ya mhasibu ikafutika pale chini ya barua ya kuagiza mabati.

Afisa utumishi wetu alikuwa Bwana Mafuru, mtu mpole, mlokole, hapendi kugombana. Alituita wote tunaotumia kompyuta.

"Jamani," akasema, "wataalamu wanakuja kutazama muundo mpya. Kutakuwa na jaribio. Kila mpiga chapa ataambiwa atafute barua kwenye kompyuta, airekebishe, aichapishe. Atakayeshindwa, mimi sitakuwa na la kumsaidia."

Hakumtaja Wegesa. Wote tulimgeukia, na yeye akajua tumemgeukia, kwa sababu chumba kilinyamaza.

Tulipotoka alinishika mkono. "Nyangeta. Hiyo mashine ina kengele ndani. Nikikosea huwa inalia."

"Ndiyo, dada. Ina spika ndogo."

"Inaweza kulia fupi na ndefu?"

Nilisimama pale kwenye korido na nikamwelewa. Siwezi kuwaeleza furaha niliyopata. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi tena kuelewa kitu kwa namna ile, kwa mara moja, chote.

Kwenye mfumo wa zamani tuliotumia hatukuwa na opendir na readdir kama nyinyi. Tulikuwa na findfirst inayokupa faili la kwanza, na findnext inayokupa linalofuata mpaka yaishe. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kila jina, kulivunja herufi moja moja, na kwa kila herufi kuiamuru spika ilie. A ni fupi na ndefu. B ni ndefu na fupi tatu. Jedwali lote alinitajia Wegesa, nikaliandika. Nilimpa programu siku iliyofuata, na ndipo aliposikiliza mpaka mwisho akasema, "Barua ya Bunda haipo."

"Ipo, dada, nimetoa orodha ya mashine yenyewe, naiona hapa kwenye skrini."

"Mimi sijaisikia. Imeanza ya pili."

Nikarudi kwenye kitanzi, nikaona. Tukacheka. Nikasahihisha, na palepale nikaiamuru itaje na saraka, si mafaili tu. Kisha kesho yake akanijia tena.

"Kuna mtu humu anaitwa nukta," akasema. "Na baada yake kuna mwingine anaitwa nukta nukta. Ndio akina nani hao?"

Hao na nyinyi mtakutana nao. Ndani ya saraka nyingi kuna majina mawili ambayo hamkuyaweka: nukta moja ni saraka yenyewe, na nukta mbili ni ile iliyoibeba. Alama ya nukta kwa mos ni ndefu kuliko herufi yoyote, na Wegesa alikuwa anapoteza subira akiisikiliza mara tatu kabla ya kufika kwenye barua zake. Niliweka sharti yarukwe. Halafu akalalamika kwamba barua mpya zinajitokeza katikati, wakati mwingine juu, bila utaratibu. Ni kweli. Mashine haikupi majina kwa alfabeti, inakupa kwa namna yalivyokaa kwenye diski, na faili likifutwa, jipya linaweza kukaa palepale pa marehemu. Msitegemee mpangilio. Kusanyeni majina kwanza, myapange wenyewe, ndipo myatoe.

Kila nikimaliza aliniambia niongeze kasi. Nikaongeza. "Bado. Hiyo ni ya mwanafunzi." Nikaongeza tena, mpaka milio ikawa kwangu kama mvua juu ya bati, na yeye ameinamisha kichwa, anatikisa mguu, anasoma.

Ofisi ndiyo iliyochoka. Milio ile, asubuhi mpaka jioni, mhasibu alikuwa anashika kichwa. Bwana Mafuru akasema kwa upole kwamba mashine ikiendelea kulia hivi, wataalamu watatushangaa. Basi nikaichukua ile spika na waya zake nikaenda Bunda kwa fundi Shabani.

Fundi Shabani alikuwa akitengeneza redio karibu na stendi. Baba yake alitoka Tabora, mama yake sijui wapi, yeye mwenyewe alisema ni mtu wa Bunda basi. Nilimweleza. Aliigeuza ile spika mkononi, akaninong'oneza kana kwamba tunafanya magendo.

"Huyo mama anasoma mos kwa sikio? Mpaka leo?"

"Anasoma."

"Marehemu baba alikuwaga anasema hao watu wanasikia telegramu huku wanapiga soga." Akachukua kifaa cha masikioni kutoka kwenye redio iliyokufa, akakata, akachomelea risasi, akapunguza sauti kwa kipande kidogo cha kuzuia umeme ili isimuumize. "Mwambie asivute waya. Na mwambie fundi Shabani anamsalimu."

Tangu hapo Wegesa alisikiliza peke yake, na sisi hatukusikia kitu.

Jaribio lilifanyika mbele ya meneja na wataalamu wawili wenye tai. Wapiga chapa wengine waliitwa mmojammoja. Wengine walitafuta barua kwa jasho, kidole kinapita kwenye skrini kama mtu anayesoma gazeti la jana. Wegesa aliambiwa atafute barua kuhusu ghala la Bunda. Akavaa kifaa chake, akabonyeza, akainama. Hatukusikia chochote. Mtaalamu mmoja akataka kusema jambo, Bwana Mafuru akamwinulia kiganja. Wegesa akaandika jina, barua ikafunguka, akaongeza ile sentensi aliyosomewa, printa ikaanza kukwaruza. Karatasi ilitoka haina kosa.

Meneja alipiga makofi. Watu wote wakapiga makofi.

"Programu hii imeandikwa na nani?" akauliza mtaalamu.

"Nyangeta," akajibu Wegesa, na akanyoosha mkono upande niliosimama.

Wakanigeukia. Wakaja kwangu. Wakaniuliza nimesomea wapi, C nimeijulia wapi, ninaweza kuandika programu ya stoo, ninaweza kuandika ya mishahara. Nilijibu, nikifurahi kama mtoto wa sikukuu. Tulipoachana nilitazama kule kwenye kompyuta, Wegesa alikuwa bado amekaa, kifaa masikioni, karatasi yake ameishika magotini. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jaribio limekwisha.

Majina ya wanaopunguzwa yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya wiki kadhaa. Watu walijazana pale. Wegesa alikuja akipapasa ukuta, akasimama nyuma yangu.

"Nisomee," akasema.

"Dada, kuna watu wengi, ngoja..."

"Usiniambie ngoja. Anza juu. Usiruke jina."

Nikaanza juu. Nilisoma majina ya madereva, ya walinzi, ya makarani wa masjala niliokaa nao meza moja. Nilikuwa nimeshaliona la kwake, lilikuwa upande wa chini, na nikawa nalisogelea kila nikivuta pumzi. Nilipolifikia nililisoma kama nilivyoyasoma mengine. Akaniambia, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho. Akasema asante, akaenda kukunja kitambaa cha kufunikia taipureta yake ya zamani, ambayo miaka yote hakuruhusu iondolewe mezani.

Nilikwenda kwa Bwana Mafuru. Sikubisha hodi.

"Alifaulu," nikamwambia. "Uliona mwenyewe."

"Niliona, Nyangeta."

"Sasa?"

"Muundo ulikuja umeshaandikwa. Nafasi yake haikuwemo. Ilikuwa haimo hata kabla ya jaribio."

"Sasa jaribio lilikuwa la nini?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tuliambiwa tufanye jaribio," akasema.

Kwenye muundo huohuo kulikuwa na nafasi mpya, msimamizi wa kompyuta, na walinipa mimi. Nilipandishwa na programu ile. Yeye niliyemwandikia akarudi Butiama kwa kaka yake, na mimi nikapewa chumba chenye feni. Msiniulize kama niliikataa nafasi. Nilikuwa na watoto, na nani wakati ule aliikataa kazi. Nililia nyumbani, asubuhi nikaenda ofisini.

Ile saraka ya barua nikaendelea kuipitia kila siku kwa macho, majina tu, na kile kifaa cha masikioni kikakaa kwenye droo.

Miaka ikapita. Shirika likauzwa, nikahama, nikaajiriwa Mwanza, nikarudi. Kompyuta zilizotumika zikawa zinauzwa mpaka kwenye vibanda. Butiama si mbali na Musoma, mnajua wenyewe. Nilipita njia panda ile mara nyingi sana nikienda na kutoka Mwanza, na kila mara nilisema safari ijayo. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya kaka yake anachambua maharage kwenye ungo. Nilidhani atanijua kwa hatua zangu. Alikuwa na masikio yale.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikajitaja. Akanisogezea kiti, nikakaa, naye akasema, "Karibu. Umenenepa, nasikia kiti kinalia."

Tulizungumza habari za watu wa ofisini, nani amekufa, nani amehamia wapi. Alinikaribisha uji wa ulezi. Mimi nikaanza kumweleza yale niliyokuja nayo moyoni, kwamba nilijaribu kwa Bwana Mafuru, kwamba jaribio lilikuwa danganya toto. Akanikatiza.

"Hayo najua. Mimi sina kinyongo na hayo. Mimi nilikuwaga nataka kukuuliza kitu kingine."

"Niulize, dada."

"Kwa nini hukunifundisha kuiandika?"

"Kuandika nini?"

"Hiyo programu. Nilikuwa nakaa karibu yako jioni, nakusikia unagonga, unafuta, unagonga. Nilikuwa napiga chapa kuliko nyinyi wote. Telegramu nilizijua, herufi nilizijua. Nilikuwa nangoja useme, Wegesa, hebu kaa kiti hiki. Ulikuwa unaniambia sikiliza sasa, imekuwaje? Mimi nasema ongeza kasi. Basi."

Nilitaka kumwambia kwamba haikuwezekana, kwamba kompaila, ile inayokagua programu na kuitafsiria mashine, inaonyesha makosa kwenye skrini. Lakini niliyajua majibu ya hilo kabla sijafungua mdomo. Makosa nayo ni maneno. Maneno yale nayo yangeweza kulia. Ningeongeza mistari michache tu. Wazo hilo halikunijia hata siku moja. Nilimwona kama mtu wa kutengenezewa kitu. Nami nilikuwa nampenda, na nilikuwa namheshimu, na bado halikunijia. Angejua kuandika, angeondoka pale na kazi mikononi. Wakati ule mji mzima mtu anayeandika programu hukumpata hata kwa kutafuta.

"Bado naweza," nikasema.

"Unaweza nini?"

"Kukufundisha."

"Na umeme uko wapi?" Akacheka. "Haya, fundisha."

Basi nikawa nakwenda Butiama Jumamosi nikipata nafasi. Hakuna kompyuta, hakuna umeme, kuna sisi wawili na ungo wa maharage. Nilimtamkia C kwa mdomo. Mabano, alama, nukta-mkato. Kwa kuwa alikuwa amezoea kushika barua nzima kichwani kabla ya kuiandika, alishika. Nilipokosea kurudia mstari alinirudisha. Na alipokwisha kuielewa programu yangu ya zamani, akaniuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifanyia kazi.

"Na ikikuta saraka ndani ya saraka? Yako ilikuwa inalitaja jina inapita. Mimi nataka iingie."

Tulihangaika na hilo Jumamosi kadhaa. Jibu, wengi wenu mnalijua: kile kipande cha programu kinachosoma saraka kinajiita chenyewe, kinapewa saraka ya ndani, kikimaliza kinarudi kilipoishia. Na hapo ndipo zile nukta mbili zinapoweza kuwaua, maana msiporuka nukta na nukta nukta, programu itaingia saraka ileile tena na tena bila mwisho. Yeye ndiye aliyeniambia hivyo, si mimi niliyemwambia. Kisha Jumamosi moja akasema, "Andika," akanitamkia programu yote kuanzia mstari wa juu mpaka bano la mwisho, na mimi nikaandika kwenye daftari la shule la mtoto wa kaka yake.

Nyumbani Nyasho nilikuwa na kompyuta ileile ya zamani ya ofisi. Shirika lilipouzwa hakuna mnunuzi aliyeitaka, nikaambiwa niichukue, na kile kifaa cha kwenye droo nikaondoka nacho. Nikaipiga chapa programu ya Wegesa. Kompaila ikakataa mara moja, kwa kosa la kidole changu. Nikarekebisha. Ikakubali. Nikavaa kile kifaa cha fundi Shabani, nikaiamuru ianze.

Ililia. Ilikuwa inaingia, inatoka, inaingia tena. Na mimi nikakaa pale sielewi hata jina moja. Miaka yote ile jedwali la herufi nililiandika kwa mkono wangu ndani ya programu, na kusikiliza sikujifunza. Niliona mos kama shida ya Wegesa, kumbe ilikuwa lugha, na mimi sikumwomba anifundishe kama yeye alivyongoja nimfundishe yangu. Nilivua kifaa nikabaki naitazama skrini.

Nikachukua redio ya kaseti, nikaunganisha waya, nikapunguza kidogo kasi ya milio, nikairekodi orodha yote. Jumamosi nikaenda nayo Butiama, na betri mpya.

Sasa hivi simu zenu zinasoma kila kitu kwa sauti ya mtu, hata jina la rafiki anayepiga. Wegesa hakuwahi kuisikia simu ya namna hiyo. Wala hakuandika programu nyingine, wala hakuna aliyemwajiri. Alikuwa mtu mzima, na mimi nilichelewa. Huo ndio ukweli wa jambo hili na siwezi kuupamba.

Niliiweka redio kwenye kigoda mbele yake. "Hii ni programu yako," nikasema. "Mimi sijui imesema nini. Nimesoma kwa macho tu."

Nikabonyeza. Akainama vilevile kama zamani, mguu ukaanza kutikisika. Mwanzoni alikuwa ananitajia kwa sauti, haraka, kama mtu anayehesabu kuku. Majina ya mafaili ya programu. Jina la saraka ya mhasibu, na ndani yake ripoti. Kisha saraka ya barua.

"Bunda moja," akasema. "Bunda mbili. Mabati. Simu. Likizo..." Milio ikaendelea, yeye hatamki. Mguu ulikuwa umesimama.

"Hizi ni barua zangu," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Zote zipo? Nilidhani walizifuta."

"Hakuna aliyezifuta," nikamwambia. Sikumwambia kwamba hakuna pia aliyewahi kuzifungua tangu alipoondoka.

Alisikiliza mpaka kaseti ikafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe. Akasogeza mkono akaipapasa redio, akapata kitufe.

"Geuza upande wa pili."

"Upande wa pili hakuna kitu, dada."

"Basi irudishe mwanzo," akasema. "Na mara hii usinisemeshe."

Nikairudisha mwanzo.